Saa nane za usiku, nani anasikilizwa?

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo nataka kuzungumzia vitanda vya wazee, na wale wanaowajua kunguni wake.

Wengi wetu tuna ndugu aliyekwenda Ulaya au Marekani, na ukimwuliza anafanya kazi gani anakujibu kwa mkato, "Natunza wazee." Mpwa wangu ni mmoja wao. Ni msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee huko Marekani. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Juzi alinipigia simu na sauti yake haikuwa ya kawaida.

Alikuwa na babu mmoja wa miaka themanini na kitu, mtu wa utani, ambaye kila asubuhi alimaliza uji wake. Siku moja akauacha nusu, wala hakutania. Mpwa wangu akamwambia muuguzi wa zamu. Muuguzi yule alikuwa na dawa za watu wengi za kugawa, akasema atapita. Kesho yake babu akashinda amelala. Usiku wa pili, saa nane, homa ikapanda. Daktari hayupo. Aliyepatikana kwa simu hakuwahi kumwona mzee yule, na akasema neno ambalo daktari aliye mbali hulisema ili asije akalaumiwa: mpelekeni hospitali. Babu akakesha kwenye machela ukumbini, chini ya taa kali, kati ya watu asiowajua. Alirudi baada ya siku tisa. Hawezi tena kusimama, ana kidonda cha kulalia, na mpwa wangu hamkumbuki.

"Mjomba," akaniambia, "mimi nilijua tangu ule uji."

Maneno hayo hayajanitoka masikioni. Ukiipitia habari yenyewe huoni mtu mbaya ndani yake. Msaidizi alisema, muuguzi alikuwa na kazi nyingi, daktari alikuwa mbali. Kila mmoja alifuata utaratibu. Basi tuutazame huo utaratibu.

Homa ya mapafu, maambukizo ya njia ya mkojo, kuishiwa maji mwilini: maradhi haya huwapata wazee mara kwa mara, na mara nyingi yakigunduliwa mapema hutibiwa palepale kitandani. Yakichelewa, ndipo gari la wagonjwa linaitwa. Na hospitali, ambayo kwa kijana ni mahali pa kupona, kwa mzee dhaifu inaweza kuwa mahali pa kupotea. Anachanganyikiwa, anaanguka, misuli inalegea kwa kulala tu.

Lipo pia jambo la fedha. Kule Marekani, wazee wengi wasio na uwezo hulipiwa makao hayo na mpango wa serikali uitwao Medicaid. Lakini mzee akilazwa hospitali siku tatu kisha akarudi akihitaji uuguzi wa karibu, anaweza kulipiwa kwa muda na mpango mwingine, Medicare, ambao huwalipa wenye makao zaidi. Simshutumu mtu. Nasema tu kwamba mlango ukitiwa mafuta namna hiyo, usishangae unafunguka upesi.

Dawa yake ni nini? Wapo waliojaribu jambo ambalo ukilisikia utasema mbona ni rahisi: kumpa muuguzi uongozi. Mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Missouri, kwa fedha za serikali kuu ya Marekani, kilianza kupeleka wauguzi wenye shahada ya juu katika makao 16 ya eneo la St. Louis. Muuguzi huyo hakuwa mtu wa kupita mara moja kwa wiki. Alikuwapo kila siku ya kazi. Aliwapima wazee, aliwafundisha wenzake, alizungumza na madaktari na jamaa, na kila mzee aliyepelekwa hospitali alirudi kuuliza: tungeweza kuliona hili mapema? Tathmini iliyofanywa na watu wa nje iliona kwamba kulazwa hospitali kulipungua kwa asilimia 30 hivi.

Uswisi nako walijaribu, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Basel, kati ya mwaka 2018 na mwanzo wa 2020. Makao 11 yalishiriki, yenye wazee zaidi ya 900. Waswisi hawakuwa na wauguzi wa kutosha wenye shahada za juu. Wakachukua wauguzi wazoefu waliokuwapo, wakawapa mafunzo ya ziada, wakawaweka kuwa viungo kati ya wasaidizi, madaktari na familia. Kabla ya hapo, safari za ghafla za hospitali zilikuwa zikipanda. Baada ya hapo kupanda kule kukakoma. Si muujiza, lakini kuzuia maji yasipande nako ni kazi.

Kilichonifurahisha zaidi ni kadi ndogo waliyopewa wasaidizi, ambayo asili yake ni Marekani. Kadi hiyo inauliza maswali ambayo bibi yeyote wa kijijini angeyauliza. Je, mzee leo anaonekana tofauti? Anazungumza kidogo kuliko kawaida? Amekula kidogo? Amekunywa kidogo? Amechoka, au amechanganyikiwa? Msaidizi anatia alama, anampa muuguzi, na muuguzi anawajibika kwenda kutazama. Ule uji wa mpwa wangu ungekuwa na mahali pa kuandikwa na mtu wa kuujibu.

Muuguzi naye hufundishwa namna ya kumweleza daktari kwa simu: mimi ni nani, kuna nini sasa, mzee huyu ana historia gani, mimi naonaje, na naomba nini. Utaratibu huo asili yake ni kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani, ambako maneno mengi yanaweza kuua. Sikilizeni vizuri hayo mawili ya mwisho, "naonaje" na "naomba nini". Muuguzi wa namna hii hapeleki habari tu, anatoa rai. Na mzee mwenyewe huulizwa mapema, akili zake zikiwa timamu, siku hiyo ikifika angependa afanyiwe nini na asifanyiwe nini.

Nisieleweke vibaya. Mzee aliyevunjika nyonga hana budi kwenda hospitali, na muuguzi si daktari wa bei nafuu. Tena ukimpa muuguzi cheo kipya halafu ukamwachia dawa zilezile za kugawa na zamu zilezile za kuziba, umempa jina tu. Uongozi unahitaji muda, mafunzo, mshahara, na daktari anayepokea simu akiwa tayari kuambiwa jambo.

Na sisi je? Wazee wetu wengi tunao nyumbani, ingawa makao yapo, kama Nunge kule Kigamboni, au Sebleni na Welezo kule Unguja. Iwe ni makao au ni chumba cha uani, yupo mtu mmoja anayemlisha mzee. Pengine ni binti wa kazi, pengine ni mke wa mdogo wako, pengine ni mjukuu aliyeacha shule. Huyo ndiye anayeona uji umebaki. Na katika nyumba nyingi huyo ndiye wa mwisho kuulizwa, kwa sababu hana cheo, au hana umri, au si wa ukoo.

Jioni ya leo ukirudi nyumbani, kabla hujamwuliza mzee hali yake naye akakujibu "nzuri" kama wazee wote wajibuvyo, mwulize kwanza yule aliyemlisha. Kisha akikwambia kuna jambo, usimwambie utapita.