MAWIMBI YA REDIO YASAFIRIVYO MBALI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama)



Wengi wetu tumekwisha kuona jambo hili: redio ileile, mahali palepale, mchana yanguruma tu, na usiku yaleta sauti ya nchi ya mbali safi kabisa. Basi mtu huipiga konde, au humlaumu fundi bure. Mara nyingi kosa si la redio wala la fundi. Sababu iko juu angani.

Mawimbi ya redio ni ndugu wa nuru. Huenda mbio kama nuru, maili 186,000 kwa sekunde moja, na desturi yake ni kwenda moja kwa moja. Lakini dunia ni mviringo kama chungwa. Ilidhaniwa basi kwamba mawimbi yatokayo mbali yatapita juu ya vichwa vyetu na kupotea. Desemba 1901, Marconi, Mtaliani, alitangaza kwamba amesikia huko St. John's, Newfoundland, herufi S iliyopigwa kutoka Poldhu, Uingereza, zaidi ya maili 2,000. Wako waliokataa kusadiki. Februari 1902 akasafiri kwa meli Philadelphia, akaona ajabu ya pili: mchana alama zilimfikia hata maili 700 tu, bali usiku zilipita maili 2,000.

Mwaka uleule Kennelly wa Marekani na Heaviside wa Uingereza, kila mtu peke yake, wakasema lazima liko tabaka angani linalorudisha mawimbi chini. Mwaka 1924 Appleton na Barnett wakalihakikisha kwa mawimbi yaliyotoka Bournemouth na kupokelewa Oxford, wakapima kimo chake, karibu maili 60.

Tabaka hilo hufanywa na jua. Miale yake mikali huvunja chembe za hewa nyembamba ya juu, na vipande vyake vyenye umeme hupinda mawimbi yakarudi ardhini. Ardhi nayo huyarusha tena, kama mpira udundao kati ya sakafu na dari. Mruko mmoja waweza kufika maili 2,500 hivi. Kwa hiyo matangazo ya Kiswahili ya BBC, yaliyoanza London mwaka 1957, hayakuweza kufika Dar es Salaam kwa mruko mmoja.

Tena matabaka ni mengi. La chini, kimo cha maili 40 hata 55, ni la mchana tu, nalo huyameza mawimbi ya kati. Jua likichwa hutoweka, na mawimbi hayo hupata njia ya kufika juu na kurudi. Tabaka la juu kabisa, kiasi cha maili 150 na zaidi, hudumu usiku kucha, lakini hudhoofika, na mawimbi mafupi sana hulipenya yakapotea. Ndiyo sababu mchana twatafuta mita 16 au 19, na usiku mita 41 au 49.

Liko na fundisho. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwaachia watu wasio na cheo, waliopenda tu simu ya upepo, mawimbi ya mita 200 kushuka chini, kwa kuwa yalidhaniwa hayana faida. Wakubwa wakashika mawimbi marefu na mitambo ya gharama. Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, akazungumza na Fred Schnell wa Connecticut, Marekani, kwa mawimbi ya mita 100 na kidogo. Kilichodharauliwa ndicho kilichovuka bahari.

Ndugu, hata leo tufani ikiangusha minara na kukata waya, mawimbi mafupi hubaki njia ya kuomba msaada. Ajuaye saa yake na mita zake atasikiwa. Asiyejua ataita bure.