Sheria za Makutano ya Reli na Barabara

Mwaka 1845, zama ambazo mwenye haraka barabarani alipanda gari la farasi, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoziamuru kampuni za reli kuweka malango penye makutano ya reli na barabara za umma, na kuajiri mabawabu wa kuyafunga na kuyafungua, malango yenyewe yakikaa daima yameziba barabara ila anapopita mwenye ng'ombe au gari. Dhamira ilikuwa njema. Lakini motokaa zilipozidi, amri hizo, pamoja na sheria ya 1983 iliyompa waziri uwezo wa kuamuru vifaa vya ulinzi katika kivuko kimoja kimoja cha reli, zikawa mrundikano mgumu kufahamika. Ndipo Septemba 2013 Tume ya Sheria ya Uingereza na Wales, pamoja na tume mwenza ya Scotland, ziliposhauri usalama wa makutano usimamiwe chini ya sheria ya afya na usalama kazini ya 1974, na uwekwe utaratibu mpya wa kuvifunga vivuko kwa kupima maslahi ya umma. Kwangu mimi ushauri huo ni wa haki, kwani treni haisimami ghafla. Nawe, msikilizaji, ufikapo relini, tafadhali simama, utazame pande zote mbili, usikilize.