ULIMI WA MKOREA HAUNA KASORO

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wetu na mwenzetu aliyepata kufundisha Kiingereza Korea ya Kusini.



Nimeombwa niseme machache juu ya kuwafundisha vijana wa Korea matamshi ya Kiingereza. Baadhi yenu mmekwisha kuniuliza pale mezani kama ni kweli "rice" kwao hugeuka "lice", yaani wali ukawa chawa. Hutokea. Lakini sababu si uzito wa ulimi.

Kikorea kina r na l, ila kwao hizo ni herufi moja. Ikikaa kati ya irabu husikika r, kama katika "saram", mtu. Ikiwa mwishoni husikika l, kama katika "mul", maji. Basi mwalimu asianze na Kiingereza. Aanze na "mul", amwambie kijana aushikilie ulimi pale pale ulipogusa, kisha aunganishe na "light". L imepatikana. Kwa r, aviringe midomo kama anayetaka kusema w, na ncha ya ulimi isiguse popote.

"Strike" kwa Mwingereza ni silabi moja; Mkorea huipa tano: seu-teu-ra-i-keu. Hapo tusicheke sana, maana ni sisi tulioifanya "book" kuwa buku na "club" kuwa kilabu. Dawa ni makofi: kofi moja, neno zima.

Tena "good morning" huwa "gun morning". Mwalimu asiyejua Kikorea atasema ni uzembe. La! "Hanguk" ni Korea na "mal" ni lugha, lakini yakiungana hutamkwa "hangungmal". Kijana anafuata sheria ya kwao. Ukimweleza hivyo aibu humtoka, naye huanza kufungua mdomo.

Na aibu hiyo si ndogo. Katika mtihani wa kuingia chuo kikuu, ulioanza mwaka 1993, maswali 17 kati ya 45 ya Kiingereza ni ya kusikiliza, na ndege haziruhusiwi kuruka wala kutua wakati huo. Swali la kusema halimo hata moja! Kijana hufaulu vizuri, kisha akikutana na mgeni hunyamaza kimya.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wako wazazi waliowapeleka watoto hospitali wakakatwe kigozi cha chini ya ulimi, ati r itoke vizuri. Mwaka 2003 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya huko ilitoa filamu iitwayo If You Were Me, na sehemu iliyotengenezwa na Park Jin-pyo ilihusu jambo hilo hilo. Mimi nilipoulizwa na mama mmoja, nilimwomba mwanawe aseme "saram", halafu "mul". Alisema yote mawili sawasawa. Nikamwambia mama, ulimi unafika kote unakotakiwa. Niachie mwezi mmoja. Tukaendelea na makofi yetu.