Presha na Meno: Mwili Ni Mmoja

Leo tuongee habari za wazazi wetu. Nyumbani kuna baba, mama au shangazi mwenye presha, na huenda mwenyewe hajui. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha, na karibu nusu yao hawajui. Kwa nini? Kwa sababu mara nyingi presha haiumi. Ni lazima upimwe. Kipimo kikirudia kuwa 140/90 au zaidi, hiyo ni presha.

Sasa meno yanaingiaje hapa? Yanaingia kwa njia tatu.

Kwanza, fizi. Meno yasiposafishwa vizuri hujenga ukoga, fizi huvimba na kutoa damu. Ugonjwa ukizidi, hula mfupa unaoshika jino. Uchunguzi umeonyesha kuwa watu wazima wenye ugonjwa huu wana presha mara nyingi zaidi kuliko wenye fizi nzima. Lakini jamani, tusidanganyane: haijathibitishwa kwamba fizi mbovu peke yake huleta presha. Sigara na kisukari huharibu fizi na mishipa ya damu pia. Na mswaki haushiki nafasi ya vidonge.

Pili, hivyo vidonge vyenyewe. Baadhi, kama nifedipini na amlodipini, huweza kufanya fizi za watu wengine ziote na kufunika meno. Vingine hukausha mate, na mate yakipungua meno hutoboka upesi. Hapa ndipo penye hatari. Mtu anaona fizi zimeota, anatupa vidonge. Presha inapanda kimya kimya, mwisho wake unaweza kuwa kiharusi. Asiache dawa! Arudi kwa daktari, anaweza kubadilishiwa.

Tatu, siku ya kung'oa jino. Maumivu na woga hupandisha presha. Kwa hiyo mgonjwa ameze dawa zake kama kawaida, na amweleze daktari wa meno mapema: nina presha, natumia dawa hizi. Presha ikikutwa juu sana, kama 180/110, daktari anaweza kuahirisha kazi. Asikasirike, analindwa.

Najua mtaniuliza: "Dada, sisi tufanye nini? Mtoto atamfundisha mama yake kupiga mswaki?" Hapana, heshima ibaki pale pale. Lakini unaweza kumsindikiza kliniki, kumsomea karatasi ya dawa, kumwandikia majina ya vidonge vyake aende nayo kwa daktari wa meno. Na wewe mwenyewe piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na sigara usiiguse.

Jioni ya leo anza na swali moja tu: "Mama, mara ya mwisho ulipima presha lini?"