KAZI IKIHAMIA CHUMBANI

Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa reli katika mkutano wa tawi



Katika mkutano uliopita mzee mmoja alisimama akasema kwamba mtoto wake amepata kazi, lakini haendi kazini. Jioni anafunga mlango wa chumba, anasema Kiingereza na kompyuta mpaka usiku wa manane, na mwisho wa mwezi pesa zinaingia katika simu. Mzee akauliza, je, hii ni kazi au ni kitu gani? Watu wakacheka. Katibu akaniagiza nichunguze, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, ni kazi. Makampani makubwa yanayouza simu na kompyuta dunia nzima yana wateja wenye shida kila saa. Huyu amesahau neno lake la siri, yule amekatwa pesa mara mbili, mwingine mtambo wake umekufa na ana hasira. Mteja hupiga simu au huandika ujumbe, na kompyuta humpeleka kwa mfanya kazi aliye huru. Huyo ndiye atakayetukanwa kwanza, ndiye atakayeomba radhi kwa kosa asilolifanya, tena kwa sauti ya upole. Sisi tunaokata tiketi na kujibu abiria treni ikichelewa twaijua kazi hiyo. Tofauti ni kwamba yeye hesabu yake hufanywa kwa dakika. Mtambo huandika kila mteja amechukua muda gani, yeye ameondoka mezani mara ngapi, na mteja amempa alama gani. Gadi huandika kitabu cha safari kwa mkono wake. Huyu kitabu chake kinaandikwa na mwingine, na mara nyingi hakioni.

Zamani watu hawa walikusanywa katika jumba moja, meza kwa meza. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020 wengi walipelekwa nyumbani, na baadhi yao wakabaki huko. Lakini jambo lenyewe ni la kabla ya korona. Kampani ya Apple huko Marekani ilikuwa na wafanya kazi wa namna hii tangu mbele. Iliwapelekea kompyuta, nao walitakiwa wawe na chumba kitulivu chenye mlango wa kufungwa, meza, kiti, na intaneti yao wenyewe.

Hapa nataka tusimame kidogo. Dereva wa treni hanunui injini. Gadi haji na taa na bendera alizonunua sokoni. Karakana ina paa, na paa hilo si la fundi. Sasa huyu kijana chumba ni chake, kodi analipa yeye, tokeni za stima ananunua yeye, na intaneti ni yake. Stima ikipotea mtaani, kama tujuavyo, saa zile anaweza kukatwa mshahara kana kwamba ni yeye aliyekata waya. Mimi nasema tajiri amepata karakana bila kuijenga.

Wazee wetu waliishi katika nyumba za reli za Muthurwa. Zilikuwa ndogo na walilalamika sana, na walikuwa na haki ya kulalamika, lakini ilijulikana kwamba nyumba ni mzigo wa tajiri. Wafanya kazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1947, shida ya nyumba na kodi ilikuwa mojawapo ya malalamiko yao. Hata leo Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, sehemu ya 31, yasema tajiri ampe mfanya kazi mahali pa kukaa panapofaa, ama amwongezee pesa za kutosha kodi. Hiyo ni kodi ya mahali pa kulala. Basi kijana akigeuza nusu ya mahali pa kulala kuwa ofisi, ile nusu nani ailipie?

Wengine wamekwisha kuuliza swali hili mahakamani. Huko California sheria yataka tajiri arudishe gharama ambazo mfanya kazi ametoa kwa ajili ya kazi. Mwaka 2020 watu wa kampani ya IBM waliambiwa wafanyie kazi nyumbani, na mmoja wao akadai pesa za intaneti, simu na vifaa. Kampani ikajibu kwamba si yenyewe iliyowafungia nyumbani, ni amri ya serikali kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ikakataa jawabu hilo. Ikasema kama gharama ni ya kazi, haidhuru ni nani aliyewapeleka nyumbani. Ureno nako ilitungwa sheria mwaka 2021: tajiri alipe gharama zinazoongezeka, asimsumbue mtu saa za kupumzika, na mkubwa akitaka kufika nyumbani kuangalia kazi, atoe habari saa 24 mbele, tena mwenye nyumba akubali.

Ndugu zangu, gharama si ndilo jambo lililonitia baridi. Lililonitia baridi ni habari ya Colombia. Iko kampani ya Kifaransa iitwayo Teleperformance, ina wafanya kazi zaidi ya 300,000 katika nchi nyingi, nayo huajiriwa na makampani mengine kuwajibia wateja wao. Mwaka 2021 shirika la habari la NBC la Marekani lilitoa habari kwamba wafanya kazi wake huko Colombia wamepewa mkataba mpya watie sahihi. Mkataba ulitaka wakubali kuwekewa kamera nyumbani, sauti zao zichunguzwe, na habari za watu wa nyumbani mwao zichukuliwe, hata za watoto. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiwajibia wateja wa Apple alieleza kwamba yeye kazi huifanya chumbani anamolala. Alitia sahihi kwa kuogopa kupoteza kazi. Apple yenyewe ilisema imekataza kuwaangalia watu kwa kamera, na kwamba haifanyiki kwa wafanya kazi wake. Pengine ni kweli. Lakini karatasi ilikuwako, na sahihi zilitiwa.

Fikirini nyumba zetu. Wangapi hapa wana chumba cha pekee cha kazi? Mtoto akipita uchi baada ya kuoga, mama akija kutoka shamba, mke na mume wakigombana, yote yatapita mbele ya jicho la mtu asiyejulikana. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 chasema kila mtu ana haki ya faragha, na nyumba yake isipekuliwe. Iko pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Lakini sahihi ya mtu mwenye njaa ni nyepesi sana, na ndiyo sababu mkataba usisomwe na mtu mmoja peke yake gizani.

Sitaki mtu aseme nimeichukia kazi hii. Mama mwenye mtoto mchanga aweza kuifanya. Mlemavu asiyeweza kugombea matatu aweza kuifanya. Nauli inabaki mfukoni. Shida nyingine ni saa: saa tatu asubuhi ya California ni saa moja usiku kwetu, na majira ya baridi yao ni saa mbili. Kijana anayehudumia wateja wa huko anaishi kama popo, na majirani wanamwita mvivu kwa sababu analala mchana.

Tena yuko peke yake. Sisi twakutana stesheni, twakutana kwenye chai, na chama kilizaliwa hapo. Yeye hamjui mwenzake ila jina katika kioo. Wako wanaosema watu wa namna hii hawawezi kuungana. Sivyo. Tarehe 1 Mei 2023, hapa Nairobi, zaidi ya watu 150 wanaochuja picha na maneno mabaya ya mitandao walikutana wakapiga kura kuunda chama chao. Wengi wao walikuwa na bahati ya kufanya kazi pamoja maofisini, hilo nakubali. Lakini hata ile Teleperformance, mwezi wa Desemba 2022 ilitia sahihi mapatano na umoja wa vyama uitwao UNI Global Union juu ya haki ya kuunda vyama.

Kwa hiyo naomba tawi hili lifanye kazi ndogo. Kila mwenye mtoto au jirani wa kazi hii amlete Jumamosi moja, mchana kwa sababu usiku yuko kazini, aje na mkataba wake. Katibu wetu ausome naye mstari kwa mstari. Tutazame ni nani analipa intaneti na stima, stima ikikatika mshahara unakuwaje, kamera imetajwa au haikutajwa, na mtu akipigwa na umeme katika meza ile saa za kazi, je, tajiri atakubali kwamba ameumia kazini? Swali hilo la mwisho nimewauliza watu watatu, na kila mmoja amenipa jawabu lake. Afadhali tulipeleke makao makuu kwa maandishi.

Bwana Mwenyekiti, naomba ombi hili liandikwe katika kitabu cha mkutano. Kama yuko mwenye swali, niko tayari.