Sonona: Ulizeni Kabla ya Kuridhia Tiba

Ndugu wananchi wa Kigoma na Ujiji, tunaulizwa, hata mwaloni Kibirizi, kama tiba ya umeme huunguza ubongo. Haiunguzi. Ilianza Roma mwaka 1938. Leo mgonjwa hupewa nusu kaputi, kwa kawaida mara 6 hadi 12, na wengi walioshindwa na vidonge hupata nafuu. Baadhi ya kumbukumbu zaweza kupotea: hilo mgonjwa aelezwe kabla ya kutia sahihi.

Ketamini ni dawa ile ile ya chumba cha upasuaji. Dozi ndogo yaweza kuleta nafuu ndani ya saa chache, lakini haidumu, na shinikizo la damu hupanda. Msikubali kuuziwa kichupa mkajidunge nyumbani.

Anayewaza kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe Hospitali ya Maweni leo, bila kungoja mbalamwezi iwarudishe wavuvi.