Deni la masomo: nani asamehewe, na nani alipe?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama)



Komite iliniomba niseme juu ya deni la masomo kule Marekani. Wengine watauliza: siye tuliorudi kutoka kambi za Tanzania, linatuhusu nini? Linatuhusu. Kule Nyarugusu na Lugufu jamaa ziligawanyika: wamoja walirudi na mashua, wengine walipanda ndege. Watoto wao leo wako iniversite Marekani. Pesa wanayotutumia kwa minervali na dawa inatoka katika mshahara ule ule unaolipa deni.

Kwanza hesabu. Watu zaidi ya milioni 42 kule wana deni la masomo kwa serikali, na jumla imepita dola bilioni 1,600. Mkimbizi aliyepokelewa kisheria anaweza kupewa mkopo huo sawa na mzaliwa. Kijana wa miaka 18 anatia sahihi, na mara nyingi riba inahesabiwa hata kabla hajamaliza masomo.

Sasa sikieni. Marekani, mtu akishindwa kabisa na madeni, anaweza kwenda mahakamani kutangaza kwamba amefilisika. Deni la hospitali linaweza kufutwa, la kadi ya banki vilevile. La masomo, hapana, isipokuwa kwa mlango mwembamba sana. Mwaka 1976 sheria ilisema ungoje miaka 5. Mwaka 1990 ikawa 7. Mwaka 1998 wakaondoa hata huo muda kwa mikopo ya serikali. Mwaka 2005 wakafunga na mikopo ya banki binafsi. Leo lazima uonyeshe hakimu kwamba kulipa kutakutia katika taabu ya kupita kiasi. Mahakama nyingi zinafuata kesi ya Brunner ya 1987: je, ukilipa utakosa maisha ya chini kabisa? Je, hali hiyo itaendelea? Je, ulijaribu kulipa kwa moyo mwema? Novemba 2022 wizara ya sheria ililegeza kidogo namna mawakili wa serikali wanavyojibu maombi hayo, lakini sheria yenyewe imebaki.

Ugumu huo ulitoka wapi? Waliogopa kwamba mtu atamaliza udaktari, kesho yake akimbilie mahakamani, kisha aanze kuchuma. Lakini hesabu ya wakati ule ilionyesha kwamba mikopo iliyofutwa hivyo haikufika hata 1%. Sheria ya wote iliandikwa kwa hofu ya wachache.

Na raia wanasema nini? Wamoja wanasema: alikopa mwenyewe, alipe mwenyewe, mimi sikusoma, nilienda kiwandani, mbona kodi yangu ilipe shule yake? Tusiwacheke, neno lao lina haki ndani. Wengine wanajibu: wakati wa Korona, 2020 na 2021, serikali ilikopesha biashara karibu dola bilioni 800, na sehemu kubwa ilisamehewa, mbona wanafunzi tu ndio waambiwe aibu? Agosti 2022 Prezida Biden alitangaza kufuta hadi dola 10,000, na 20,000 kwa waliopata msaada wa masomo wa watu maskini. Tarehe 30 Juni 2023 Mahakama Kuu ilikataa.

Ndugu, sauti hizo mbili ziko hapa hapa kwetu. Mama alikopa katika sanduku letu kwa minervali ya mtoto, halafu maji ya Mulongwe yakabeba nyumba na bidhaa, kama mwezi wa 4 mwaka 2020. Mmoja anasema: "Tukisamehe huyu, bote batakataa kulipa." Mwingine anasema: "Mutu hana kitu, mutamukamata nini?"

Dawa ya deni ni kulipa, ndiyo. Lakini aliyekufa hanywi dawa. Tutenganishe asiyeweza na asiyetaka. Na tukumbuke kwamba pesa ya sanduku ni akiba ya wenzetu, ya mama anayeuza samaki na mihogo. Kila deni linalofutwa, kuna mtu anayelibeba. Tumtaje mbele, tusimfiche.

Kwa hiyo ninaweka mambo matatu mbele yenu. Moja: aliyepigwa na msiba unaojulikana na majirani, riba yake isimame mara moja, apewe miezi 12. Mbili: kama bado hawezi, mkutano uamue, na pesa itoke katika mfuko wa misaada, akiba isiguswe. Wafadhili, hapo ndipo msaada wenu unafanya kazi kubwa. Tatu: mwenye nacho anayeficha, alipe, na mdhamini wake aitwe.

Kwa jamaa zetu walio Marekani: banki binafsi mara nyingi inataka mdhamini. Usitie sahihi kwa sababu ya upendo tu. Ukitia, deni ni lako pia, na utakuta mlango wa mahakama ni mwembamba kwako vilevile. Na siye wa hapa, mtoto akipunguza pesa anayotuma, tusimwite mwenye roho ngumu. Tumuulize kwanza: unadaiwa ngapi?

Mambo hayo matatu yatapigiwa kura leo. Anayepinga aseme wazi hapa ndani, asingoje kusema barabarani.